Mbayuwayu: ni mgeni ao ni mtoto wa nyumba?

Kisha mvua za kwanza, katika mwezi wa kumi ao wa kumi na moja, ukifuata barabara inayotoka Lubumbashi kwenda Kipushi ao Kasumbalesa, utawaona juu ya nyuzi za umeme. Ni ndege wadogo, wamejipanga sawa wanafunzi asubuhi mbele ya bendera, vichwa vyote vinatazama upande upepo unakotoka. Mgongo ni mweusi wenye kung'aa buluu, paji la uso na koo ni nyekundu ya kutu, tumbo ni jeupe, mkia umegawanyika sawa makasi. Huyu njo mbayuwayu, ambaye shuleni tulifundishwa kumwita hirondelle. Uzito wake ni karibu grama 20. Inahitaji ndege hamsini ili kupata kilo moja.

Swali tunaloleta hapa ni jepesi kulisikia, lakini kulijibu ni kazi: huyu ndege ni wa nani? Vitabu vya shule vilituandikia kwamba ni ndege wa Ulaya, ambaye baridi ikianza anakuja kupitisha siku kwetu, na kisha baridi "anarudi kwake". Tuliandika hivyo katika daftari, mwalimu akasahihisha, tukapata pointi. Na ile methali ya Kifaransa inayosema kwamba hirondelle mmoja peke yake haleti printemps, tuliikariri wote, sisi watoto wa inchi ambayo haina printemps. Kwetu mbayuwayu hajawahi kutangaza maua. Kwetu anatangaza mvua, mboga za porini, na inswa.

Lakini tuhesabu miezi. Anafika kwetu kati ya mwezi wa tisa na wa kumi na moja. Anaondoka mwezi wa tatu ao wa nne. Ni karibu nusu ya mwaka. Majuma mengi mengine anayapitisha njiani, kwenda na kurudi, juu ya Sahara na juu ya bahari. Miezi inayobaki, miezo mitano hivi, njo anaitumia katika mazizi na mabanda ya Ulaya. Basi ni kwa kipimo gani tulikubali kwamba kule ni "kwake" na huku ni matembezi? Kama ni hesabu ya siku, vyumba viwili viko sawasawa. Aliyeandika kitabu alikuwa amekaa katika chumba kimoja, njo maana.

Inafaa kwanza tusichanganye ndege. Kuna mbayuwayu wengine ambao wanazaa hapa hapa, na watu wengi wanawaona wote kuwa ndege mmoja. Yule mwenye kichwa cha kutu na michirizi myeusi kifuani, anayejenga kwa udongo nyumba yenye mlango mrefu, sawa chupa iliyolazwa chini ya dari ya barza, ni mwenyeji wa Afrika. Vile vile yule mdogo mwenye nyuzi mbili nyembamba kwenye mkia, anayependa madaraja na kando ya mito. Huyu wa pili jina lake la kisayansi, Hirundo smithii, linatoka kwa Christen Smith, mtaalamu wa mimea kutoka Norway aliyesafiri na kapiteni Tuckey kwenye mto Kongo na akafa kule mwaka wa 1816. Ndege wa Afrika, ana jina la mtu aliyekaa kwetu miezi michache tu. Tutayaacha hayo. Mbayuwayu tunayesema habari zake, Hirundo rustica, yeye hajengi kwetu. Utamuona anakula, anakunywa kwa kupiga maji kwa mdomo bila kutua, analala, anagombana na wenzake juu ya waya. Kiota chake huku hutakiona, wala yai lake.

Hapa njo fumbo linaanzia. Watu wa Ulaya, kwa miaka elfu mbili, waliona nusu ya ndege na wakatafuta nusu nyingine kwa mawazo. Aristote, ambaye mapadri walitufundisha kumheshimu katika filozofia, aliandika kwamba wengine kati ya mbayuwayu wanajificha ndani ya mashimo wakati wa baridi, hata bila manyoya. Olaus Magnus, askofu wa Sweden, katika kitabu chake cha 1555 aliweka picha ya wavuvi wanaotoa mbayuwayu katika maji ya ziwa kwa wavu, kwa kuwa waliamini kwamba ndege hao wanalala chini ya matope hata jua lirudi. Hata Linnaeus, yule aliyewapa wanyama na mimea majina yao ya Kilatini, alikubali habari ya kulala majini. Walikuwa watu wa akili. Lakini mtu wa akili naye akiona ndege anatoweka na hana ndugu wa kumuuliza ng'ambo, anatengeneza hadithi.

Uhakika ulikuja kwa pete. Katika Cheadle, Uingereza, mwanasheria mmoja, John Masefield, alimfunga mbayuwayu pete ndogo ya chuma mguuni, tarehe 6 Mei 1911. Ni wakati ule Elisabethville yetu ilikuwa na mwaka mmoja tu, na reli ilikuwa imetoka kufika. Tarehe 23 Desemba 1912 ndege yule alikamatwa ndani ya nyumba ya shamba katika Natal, Afrika ya Kusini, na pete yake ikasomwa. Tangu pale pete nyingine zimesaidia kuchora njia: wengi wa Uingereza wanashuka mpaka kusini kabisa, wengi wa Ujerumani wanakaa katika bonde la Kongo na inchi za jirani. Kutoka katikati ya Ujerumani mpaka Lubumbashi, ukipiga mstari mnyoofu, ni karibu kilometa 7 000. Ndege wa grama 20 anazipita kwa mabawa yake, anakula njiani, anaweza kufanya hata kilometa 300 kwa siku.

Watu wa Ulaya walifurahi: sasa tunajua wanakokwenda. Lakini babu zetu walijua siku zote fasi mbayuwayu anapokuwa wakati wa baridi ya Ulaya, kwa sababu alikuwa mbele ya macho yao. Hakuna aliyewauliza. Na wao vile vile hawakuweza kujua kwamba ndege yule wa mvua ana mayai mahali ng'ombe wanalala chini ya paa. Kila upande ulikuwa na nusu ya kweli, na kila upande uliweza kufikiri kwamba nusu yake ni kamili. Tofauti ni kwamba nusu ya wale iliandikwa katika vitabu, nusu ya hawa haikuandikwa.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, linabadilisha kesi yote, na ambalo watu wachache wanalijua. Manyoya ya ndege ni sawa nguo. Yanachakaa kwa jua, kwa mchanga, kwa upepo, na inafaa yabadilishwe. Kwa mbayuwayu, manyoya ya mabawa ni uhai wenyewe, kwa kuwa kila kitu anachokula anakikamata akiruka. Kule Ulaya hana wakati wa kazi hiyo: anajenga, analalia mayai manne ao matano, analisha, mara nyingi anaanza tena familia ya pili katika msimu ule ule. Kubadilisha manyoya makubwa ya mabawa na ya mkia anakufanya huku, Afrika kusini ya Sahara. Unyoya mmoja unaanguka upande wa kuume na mwenzake upande wa kushoto, mpya inaota, kiisha zinafuata zingine, pole pole, ili asishindwe kuruka hata siku moja. Kazi hiyo inachukua miezi, karibu wakati wote anaokaa kwetu. Ukimtazama vizuri katika mwezi wa kwanza utaona mkia mfupi na mabawa yenye mapengo, sawa mtoto anayebadilisha meno.

Maana yake ni hii: mabawa anayorudi nayo Ulaya mwezi wa nne, ambayo wale wa kule wanayashangilia kwamba "mbayuwayu wetu amerudi", yametengenezwa huku. Yametengenezwa kwa inzi na inswa na chungu wenye mabawa wa Afrika. Ule mkia mrefu ambao dume anamwonyesha jike ili akubaliwe, umeota juu ya chakula cha huku. Na siyo maneno ya kupamba. Wataalamu wa Ulaya wanapotaka kujua mbayuwayu alipitisha mvua katika sehemu gani ya Afrika, wanachukua unyoya wake mmoja na kupima ndani yake atomi za kaboni, za naitrojeni, za haidrojeni. Atomi hizo ziko za namna mbili, nzito na nyepesi, na kipimo chake kinabadilika kufuatana na mvua na majani ya kila eneo. Majani yanaliwa na wadudu, wadudu wanaliwa na ndege, na unyoya ukiisha kukomaa haubadiliki tena. Basi unyoya unabaki na hesabu ya inchi uliyoota.

Mtu atajibu: vizuri, lakini alizaliwa wapi? Kwa desturi zetu jibu hilo ni zito, na sitalicheza. Katika makabila mengi ya Katanga, kama ilivyo pengine Afrika, fasi ambapo kitovu cha mtoto kilizikwa ina nguvu juu yake. Watu wakigombana wanaulizana: "Kitovu yako iko wapi?" Na mbayuwayu, tukimuuliza, kitovu chake kiko kule, juu ya boriti ya zizi la ng'ombe. Hata akipita Sahara mara tano, anarudi mwaka kwa mwaka kwenye banda lile lile ao la jirani. Basi, mtu wa desturi atasema, kesi imekwisha.

Mimi nasema haijaisha, kwa sababu desturi yenyewe ina neno lingine, na tusichukue nusu yake. Kwa Wabemba na Walamba mtoto anahesabiwa katika ukoo wa mama yake. Mjomba ana neno kubwa juu yake. Kwa Waluba wa Katanga anahesabiwa katika ukoo wa baba. Lakini kwa wote, upande ambao haumhesabu hauachi kuwa na haki na madeni. Mtoto anaweza kulala katika nyumba ya baba, akala bukari ya baba, akapigwa na baba, na bado akawa wa mjomba. Je, umewahi kusikia mzee mwenye akili anamwambia baba yule: "Huyu si wako, ni mgeni wako"? Atachekwa. Wazee wetu walijua kwamba kiumbe kimoja kinaweza kuwa na nyumba mbili, kila moja kwa njia yake, moja inatoa jina na nyingine inatoa mwili. Waliweka mahari, waliweka zawadi za mjomba, waliweka baraza za kumaliza maneno, kwa sababu hawakutaka mtoto akatwe vipande viwili. Wazo kwamba kila mtu ana kwao kumoja tu, na kwingine kote ni mgeni, silioni katika desturi hiyo. Naliona zaidi katika makaratasi ya ofisi.

Tukubaliane kwamba siongei juu ya ndege peke yake. Katika Katanga neno "mgeni" limebeba machozi. Mwaka wa 1992 na wa 1993, jimbo lilipokuwa likiitwa bado Shaba, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya migodi. Wengi walizaliwa huku. Baba zao ao babu zao waliletwa na kampuni na reli, ambazo zilikuwa zinatafuta mikono ya kazi. Wengine walikuwa hawajaona Kasai hata siku moja. Walikaa majuma na miezi kwenye gare ya Likasi na ya Kolwezi, na vyombo vyao, na watoto wao, wakingoja treni. Wengi walikufa palepale ao njiani. Hoja iliyotumiwa ilikuwa ile ile ya kitabu cha shule: hawa walikuja kupitisha siku, sasa warudi kwao.

Niweke kando ya hiyo treni nyingine. Mwaka wa 1974, mwezi wa tisa na wa kumi, baridi na theluji zilishuka mapema kupita kawaida katika Uswisi na kusini mwa Ujerumani. Mbayuwayu walikosa wadudu, wakaanza kuanguka kwa njaa kabla ya kuvuka milima ya Alpes. Watu wakawaokota, maelfu kwa maelfu, wakawatia katika masanduku, wakawapakia katika treni na katika ndege za abiria ili kuwavusha upande wa kusini, kwenye jua. Ndeke ndani ya ndeke, kama tungesema hapa Lubumbashi. Ni tendo jema na silichekeshi. Treni ilikuwa ya kumsaidia kiumbe afuate njia yake. Zile treni za Likasi zilikuwa za kumkatia mtu njia yake. Tangu 2006 Katiba yetu, kifungu cha 30, inasema kwamba mtu aliye katika inchi ana haki ya kutembea, kukaa fasi anayotaka, kutoka na kurudi. Hakuna mtu wa maskani ya Likasi anayehitaji kuelezwa kwa nini iliandikwa.

Na tukianza kuhesabu nani ni wa zamani, tutamaliza wapi? Msiri, mfalme wa Bunkeya, aliyeuawa na watu wa msafara wa Stairs tarehe 20 Desemba 1891, hakuwa mtu wa kitovu cha hapa. Watu wake walitoka upande wa Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, wakifuata shaba na pembe za tembo, katikati ya karne ya 19. Leo Wayeke ni watu wa Katanga bila mjadala, hakuna anayeweza kumwambia Myeke wa Bunkeya arudi Tabora. Na hiki Kiswahili ninachoandika nacho kilikuja kwa miguu, kikapata mabawa mapya katika kambi za wafanyakazi, kikaota manyoya ambayo mtu wa Zanzibar akiyaona anashangaa. Je, si cha kwetu?

Hapa kuna hoja moja kali ambayo lazima nipokee. Nilipoeleza habari hii ya manyoya katika mazungumzo ya shirika letu, mzee mmoja alisema: "Basi kila mwenye kula kwetu ni wa kwetu? Na wale benye walikula shaba yetu?" Watu walicheka, lakini swali lake halikuwa la kuchekesha. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka wa 1906, ikala kwetu miaka sitini, ikanenepa sana. Kama mwili uliojengwa kwa chakula cha Katanga unatosha kumfanya kiumbe mtoto wa nyumba, basi tungeiita kampuni hiyo kaka yetu mkubwa!

Jibu langu ni kwamba kula hakutoshi. Inafaa kutazama nini kinaliwa na namna gani. Mbayuwayu anakula kile ambacho mvua inarudisha. Inswa wanatoka ardhini kisha mvua nzito, jioni, wingu zima. Watoto wanawakusanya chini ya taa, mama anawakaanga kwa chumvi kidogo, na juu ya vichwa vyetu, kabla giza halijaingia, mbayuwayu wanachukua sehemu yao. Tunakula naye sahani moja, na mwaka unaofuata sahani inajaa tena. Shaba haioti tena. Shimo linabaki, na mlima mweusi wa takataka unabaki kati ya mji. Pili, mbayuwayu anapokula kwetu anafanyika kwetu: anaacha manyoya ya zamani katika majani yetu, anakuwa hatarini pamoja na sisi, mvua ikikosekana anakufa pamoja na mahindi. Ukame ukipiga kusini mwa Afrika, kule Ulaya wanarudi wachache. Yule wa kampuni, mvua ikikosekana, alikuwa anapata mshahara. Sidhani ni vigumu kuona tofauti. Anayekula bila kushiriki hatari ya nyumba si mgeni wala mtoto wa nyumba, ana jina lingine.

Methali ya Kiswahili inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wanaitumia kwa ukali, kama njia ya kumfukuza mtu kwa adabu. Mimi naisoma upande mwingine. Jembe halipewi mtu anayeondoka. Ukimpa mtu jembe unamwonyesha shamba, unamwingiza katika kazi, na anayeingia katika kazi ya nyumba ameacha kuwa mgeni. Mbayuwayu tangu siku ya kwanza ana jembe lake: anakula inzi tangu asubuhi mpaka jioni, juu ya ng'ombe, juu ya mashamba, juu ya viwanja vya mpira.

Lakini kama ni mtoto wa nyumba, basi nyumba ina deni kwake, na hapa maneno mazuri yanakwisha. Katika Nigeria, upande wa Boje karibu na mpaka wa Kameruni, kuna kilima chenye majani marefu ambapo mbayuwayu zaidi ya milioni moja wamekuwa wakilala wakati wa baridi ya Ulaya. Watu wa kule waliwakamata usiku kwa vijiti vyenye ulimbo, wakawala na wakawauza, maelfu kwa maelfu kila mwaka, kwa kuwa nyama ni ngumu kupatikana. Tangu miaka ya 1990 watu wa ulinzi wa wanyama wameenda kuongea nao na kuwasaidia kutafuta nyama kwa njia nyingine. Sipendi sauti ya anayesema kutoka Ulaya: "Musile ndege wetu." Sipendi vile vile sauti ya anayejibu: "Ni wetu, tunaweza kuwamaliza." Mjomba hana ruhusa ya kumuuza mtoto bila baba, na baba hana ruhusa ya kumuuza bila mjomba. Na kule Ulaya nako wana ya kujibu: wanafunga mabanda ya zamani, wanaondoa ng'ombe malishoni, wanapiga dawa mpaka wadudu wanapungua, na mbayuwayu wanapungua pamoja nao. Deni liko pande zote mbili.

Karibu na Durban, Afrika ya Kusini, fasi inaitwa Mount Moreland, mbayuwayu walikuwa wanalala katika matete ya bonde, wakikadiriwa kufika hata milioni tatu. Ilipoamuliwa kujenga pale karibu uwanja mpya wa ndege, ule wa King Shaka uliofunguliwa mwaka wa 2010, watu walisimama, wakaongea, na mwisho radari iliwekwa ili marubani na wasimamizi waone kundi linapoinuka na kushuka. Ndeke kubwa za chuma ziliweza kungoja ndeke wa grama 20 wapite kwanza. Inaonyesha kwamba baraza ikifanyika vizuri, jibu linaweza kupatikana hata palipo na feza nyingi.

Kwetu hakuna radari, na shida yetu ni nyingine. Mbayuwayu anataka matete ya kulala: jioni wanakusanyika, wanazunguka kwa makelele, kiisha wanaanguka wote mara moja ndani ya matete sawa mchanga uliomwagwa. Matete yako katika dambo, yale mabonde yenye maji yanayozunguka miji yetu. Na dambo njo fasi ambapo mama wa mji analima lengalenga na kabichi wakati wa jua, njo fasi ambapo kijana asiye na kazi anachimba udongo wa kufyatua matofali. Sitamwambia mama yule aache kulima ili ndege alale. Mama yule naye ni mtoto wa nyumba, na watoto wake wanasoma kwa kabichi ile. Ila nimeuliza kwa wanaolima, na wao wenyewe wanaeleza kwamba kazi kubwa ya dambo ni wakati wa kiangazi. Wakati wa mvua maji yanajaa na sehemu nyingi haziguswi. Mbayuwayu anakuwa kwetu wakati wa mvua. Kalenda zao hazigombani sana kama tulivyofikiri. Matete yanayokatwa ao kuchomwa mwezi wa tano, ndege wakiisha kuondoka, yanaota tena na kusimama kabla hawajarudi. Shida ni yale yanayochomwa mwezi wa tisa na wa kumi, mara nyingi bila sababu ya shamba, na watoto wanaotafuta panya ao kwa mchezo tu wa kuona moto.

Kwa hiyo pendekezo letu kwa wakubwa wa mitaa na kwa walimu ni la kawaida kabisa: kila dambo iachwe na kipande kimoja cha matete ambacho hakiguswi kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa nne. Wenye kulima wenyewe njo wachague kipande gani, kwa kuwa wao njo wanajua pale maji yanakaa sana na jembe halifai. Na katika mashule, wanapopaka chokaa wakati wa likizo, wasiangushe vile viota vya udongo vya mbayuwayu wenye michirizi chini ya dari kabla vifaranga havijatoka. Huyo ni ndege mwingine, nimeshasema, lakini mtoto anayeacha kiota cha mmoja atakuwa na mkono mwepesi kwa mwingine. Mwisho wa mwezi wa tatu watajipanga tena juu ya nyuzi za barabara ya Kipushi, mkia mrefu, mabawa mapya yasiyo na pengo, siku mbili ao tatu hivi. Kiisha asubuhi moja waya utabaki mtupu, na matete yanaweza kukatwa.